Mkaa wa Magunzi na Makapi: Somo kwa Wenye Nyumba na Walimu wa Vijijini

Katika somo hili twataka kunena habari ya kitu kilicho nyuma ya nyumba zetu, nasi twakipita kila siku tusikitazame. Baada ya mavuno, nendeni mahali wanapopukuchulia mahindi, mtaona chungu ya magunzi iliyofika kimo cha mtu. Siku mbili tatu baadaye mtu huitia moto, na kabla jua halijachwa imekuwa majivu. Jioni ile ile, katika njia ile ile, mama mwenye nyumba apita na kopo la mkaa kichwani, alilolinunua kwa fedha ya mahindi yale yale. Magunzi yameungua bure, na mkaa umenunuliwa. Ndipo twauliza: je, moto ule wa jalalani hauwezi kuingia jikoni?

Jibu letu ni kwamba waweza. Lakini si kwa kila takataka, wala si kwa kila nyumba, wala si pasipo hesabu. Watu wengi wamesikia habari ya mkaa huu, ambao siku hizi huitwa mkaa mbadala, wakaanza kwa furaha, wakauacha baada ya mwezi mmoja. Hawakuuacha kwa kuwa kazi ni mbaya, bali kwa kuwa walifundishwa nusu yake: waliambiwa faida, hawakuambiwa hasara. Kwa hiyo twataka kueleza pande zote mbili, ili asomaye apime mwenyewe kabla hajapoteza siku zake.

1. Kwa nini tusumbuke?

Kwanza tuutazame mkaa wa miti. Mchoma mkaa hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huitia moto. Katika tanuri la namna hii kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hata 20 tu za mkaa. Zilizobaki zimepotea kuwa moshi, mvuke na majivu. Basi ukiona gunia moja la mkaa kando ya barabara, ujue kwamba nyuma yake yako magunia mengi ya mti yasiyoonekana tena.

Hatusemi kwamba mkaa peke yake ndio unaomaliza misitu. Ukweli ni kwamba watu wanaofyeka mashamba mapya huondoa miti mingi sana, na miyombo iliyokatwa kwa mkaa huchipuka tena katika visiki vyake, kama ardhi ikiachwa ipumzike. Lakini karibu na miji haiachwi ipumzike. Magari huenda mbali zaidi mwaka hata mwaka, na mwendo ule wote hulipwa na yeye anunuaye kopo.

Serikali zimejaribu kuuzuia kwa amri. Mwezi wa Januari 2006 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Baada ya majuma machache marufuku ile ikaondolewa, maana watu wa mjini walikuwa na sufuria na chakula, hawakuwa na moto. Hapo twajifunza neno moja: huwezi kumnyang'anya mtu moto wake usipompa mwingine. Hata hivyo mambo yanazidi kubadilika. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 umeweka shabaha ya kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Gesi na umeme ni vitu vyema, naye awezaye kuvipata asingoje mkaa wa magunzi. Lakini ziko nyumba nyingi ambazo mtungi wa gesi ukiisha hukaa mtupu mpaka fedha ipatikane, na siku hizo zote moto hutafutwa kwingine. Somo hili ni la nyumba hizo.

2. Mkaa ni kitu gani?

Ukilitia gunzi motoni penye hewa tele, laungua lote, nawe wabaki na majivu. Ukilitia moto kisha ukalinyima hewa, mambo huwa mengine. Kwanza hutoka maji, nayo ndiyo ule moshi mweupe mzito. Baadaye hutoka mafuta na hewa zinazowaka, na moshi hugeuka kuwa wa manjano na wenye kuwasha macho. Mwisho hubaki kitu cheusi, chepesi, kinacholia kama kigae ukikigonga. Hicho ndicho kaboni, pamoja na majivu kidogo yaliyokuwa ndani ya gunzi tangu shambani. Kwa kuwa maji na mafuta yamekwisha kutoka, mkaa huwaka kwa moshi mdogo.

Basi siri yote ya kazi hii ni kujua saa ya kuziba hewa. Ukiziba mapema, utapata magunzi ya kahawia yatakayokutoa machozi jikoni. Ukichelewa, utapata majivu.

Maarifa haya hayakuzaliwa kwetu tu. Huko Haiti, nchi ambayo miti yake mingi imekwisha kukatwa, mwalimu Amy Smith wa chuo cha MIT cha Marekani pamoja na wanafunzi wake walianza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuchoma makapi ya miwa katika pipa la mafuta na kuyashikamanisha kwa uji wa muhogo. Huko India, katika nchi ya Pune, bwana A. D. Karve na chama chake cha ARTI waliyachoma majani makavu ya miwa ambayo wakulima walikuwa wakiyateketeza mashambani; kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ashden mwaka 2002. Pipa, unga wa muhogo na takataka za shamba: hakuna hata kimoja kisichopatikana kwetu.

3. Takataka zipi zafaa, na zipi ziachwe?

Hapa ndipo wengi wakosapo. Neno "mabaki" si sawa na neno "bure". Mkulima mwenye ng'ombe zizini ajua kwamba mabua ya mahindi na majani ya maharage ni chakula. Mwenye kahawa na migomba ajua kwamba majani makavu yakitandazwa chini hulinda unyevu wa udongo, na yakioza huurudishia nguvu. Mtu akiyachukua hayo yote kuyafanya mkaa, ameokoa mti mmoja na kulitia shamba lake njaa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: chukua kile tu ambacho sasa kinachomwa ovyo au kutupwa mtoni, nacho hakina mwingine anayekihitaji.

Zifuatazo zafaa:

(a) Magunzi ya mahindi. Ni bora kwa anayeanza, maana ni makavu, yana nafasi za kupitisha hewa, na majivu yake ni machache.

(b) Vifuu vya nazi. Hutoa mkaa mgumu wenye moto mkali. Watu wa pwani wana mali hapa.

(c) Maganda makavu ya kahawa yatokayo katika kinu cha kukoboa, na maganda ya karanga. Ni mepesi, nayo huungua upesi, hivyo yataka jicho kali. Lakini ganda la nje la kahawa mbichi ulipeleke kwenye shimo la mboji.

(d) Chenga na vumbi la mkaa wa kawaida. Katika kila banda la mkaa, sehemu ya kumi ya mzigo, na pengine zaidi, huvunjika ikawa vumbi. Hilo limekwisha kuchomwa. Halihitaji pipa wala kungoja. Mtu wa mjini aanze na hilo.

Makapi ya mpunga yana shida yake. Katika kilo 100 za makapi, kama kilo 20 ni majivu matupu, na yakigeuzwa mkaa majivu hayo yote hubaki ndani yake. Moto wake ni hafifu, na jiko hujaa majivu upesi. Ukiyatumia, uyachanganye na mkaa wa magunzi au wa vifuu, wala usiyatumie peke yake.

Na hizi usiziguse: vumbi la mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, maana dawa nyingine zina sumu ambayo moto hauiondoi bali huitoa pamoja na moshi, maganda ya korosho, ambayo mafuta yake huchoma ngozi na moshi wake huumiza macho na kifua, na plastiki ya namna yo yote.

4. Kuchoma katika pipa

Tafuta pipa la chuma la lita 200. Uliza kwanza lilikuwa na nini. Pipa lililochukua petroli laweza kulipuka fundi alikatapo, na lililochukua dawa za wadudu halifai kabisa. Fundi na atoboe matundu sita au manane katika kitako, kila moja upana wa vidole viwili. Juu akate mlango mkubwa wa kutosha kuingiza mikono miwili, na kipande kile kilichokatwa kitunzwe kiwe kifuniko.

Kisha fanya hivi:

Kwanza, liweke pipa juu ya mawe matatu, mbali na nyumba na mbali na nyasi kavu, upande ambao upepo hautapeleka moshi kwa jirani.

Pili, simamisha mti mnene kama mkono katikati ya pipa, ujaze magunzi makavu kuuzunguka, kisha uuchomoe. Litabaki shimo mfano wa bomba. Hapo ndipo moto utakapopandia. Magunzi yawe makavu kweli. Ukivunja gunzi nalo lapinda kabla ya kukatika, lirudishe juani.

Tatu, tia majani makavu na vijiti katika shimo lile, uwashe. Moshi mweupe utatoka kwa wingi. Usiogope, wala usizibe.

Nne, simama utazame. Usiende kuchota maji, wala usimwachie mtoto. Baada ya robo saa au zaidi kidogo, kwa kadiri ya ukavu wa magunzi, moshi utapungua, utakuwa mwepesi, na mwali mkubwa utatoka juu. Ukichungulia utaona magunzi ya juu yamekuwa meusi. Hiyo ndiyo saa yenyewe.

Tano, wawili wenu, kwa miti mirefu, liinueni pipa kidogo, mwenzenu wa tatu ayaondoe mawe kwa mti, nalo likae chini. Zibeni kitako chake pande zote kwa udongo. Wekeni kifuniko juu, mkizibe kwa tope. Po pote mwonapo uzi wa moshi, tieni tope. Hewa ikipita katika ufa mdogo wa kidole, asubuhi mtakuta majivu.

Sita, ngojeni saa tatu au zaidi, mpaka ubavu wa pipa uwe baridi mkononi. Mkaa uliofunguliwa mapema huwaka tena wenyewe. Hata ukiisha kuutoa, utandaze nje na kuungojea; usiutie guniani wala ndani ya nyumba siku ile. Ghala zimeungua kwa haraka ya namna hii.

Katika kilo 20 za magunzi makavu mtu mwangalifu hupata kama kilo 4 za mkaa. Ukipata kilo 2, umechelewa kuziba. Ukipata kilo 8, usifurahi; vunja gunzi uone, maana kati yake bado ni mti.

5. Kuponda, kuchanganya na kufinyanga

Tia mkaa katika gunia, uupige kwa mti mpaka uwe kama unga wa ugali. Nyunyiza maji kidogo kwanza, ujifunge kitambaa puani, maana vumbi hili likiingia kifuani mara kwa mara huleta ugonjwa. Usitumie kinu cha chakula. Chekecha, na vipande vikubwa uvipige tena.

Sasa wahitaji kitu cha kuushikamanisha. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa, chukua nusu kilo hata kilo moja ya unga wa muhogo. Uukoroge katika maji baridi, kisha uumimine katika lita 5 au 6 za maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Unga usiopikwa haushiki. Mimina uji kidogo kidogo juu ya unga wa mkaa, ukikanda kama akandaye unga wa maandazi. Kipimo ni kiganja chako: kamata konzi moja, ulikaze. Maji yakipenya kati ya vidole, umezidisha. Likimomonyoka ukifungua mkono, umepunguza. Likikaa na alama za vidole vyako, limefaa.

Mzee mmoja aweza kuuliza, "Je, ni haki kuchoma muhogo wakati wa njaa?" Swali lake ni jema. Unga uliooza au kuingia wadudu hutosha kwa kazi hii. Tena udongo wa mfinyanzi uliochekechwa waweza kuchukua mahali pa muhogo: vipimo vinne vya vumbi la mkaa kwa kimoja cha udongo. Udongo hauwaki, huongeza majivu, lakini huufanya moto uende polepole. Asiyekuwa na unga na afuate njia hiyo, wala asizidishe kipimo.

Kwa nyumba moja, mikono yatosha: finyanga matonge kama yai kubwa au chungwa dogo, uyakaze sana. Wenye kutaka kufanya mengi hutumia kopo lililokatwa na kipande cha mti cha kushindilia, au mashine ya kusagia nyama, ambayo hutoa vijiti virefu. Kadiri mkaa ulivyoshindiliwa, ndivyo unavyodumu motoni.

6. Kukausha

Hapa pana uvivu mwingi. Tonge laonekana kavu kwa nje siku ya pili, na mtu hulipeleka jikoni. Lafuka, lanuka, lazimika, naye asema mkaa huu ni uongo. Si uongo, ni maji.

Siku ya kwanza yaanike kivulini, yasipasuke. Kisha yatoe juani siku tatu hadi tano, juu ya chanja ili hewa ipite chini, na usiku uyafunike umande usiyapate. Wakati wa masika fanya machache, au uache kazi mpaka jua lirudi. Shahidi wa kweli ni mizani. Chagua tonge moja, ulitie alama, ulipime kila asubuhi. Likipungua uzito, bado lina maji. Likikaa siku mbili bila kupungua, yote yamekauka. Asiye na mizani na alivunje moja: katikati pawe sawa na nje kwa rangi, wala pasiwe baridi ukipagusa kwa mdomo. Tena uangushe jingine toka kiunoni juu ya ardhi ngumu. Lisivunjike vipande vipande.

7. Je, iko faida?

Tupige hesabu pasipo kujidanganya. Mkulima aliyevuna magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 100, hupata kama kilo 200 za magunzi. Magunzi hayo humpa kama kilo 40 za mkaa, yaani kama gunia moja. Nyumba ipikayo kwa mkaa peke yake yaweza kumaliza kilo moja kwa siku, au zaidi. Basi magunzi ya mwaka mzima yampa moto wa mwezi mmoja na siku chache. Si haba, ni fedha ya gunia moja. Lakini mtu akikuambia kwamba magunzi ya shamba lako yatakuondolea haja ya mkaa mwaka wote, mwombe akuonyeshe mizani yake.

Kwa hiyo faida kubwa haiko katika nyumba moja moja. Iko pale ambapo chungu imekwisha kukusanyika yenyewe. Mahali penye mashine ya kupukuchulia watu wa kijiji kizima, kinu cha kahawa, soko la nazi, mabanda ya mkaa ya mjini: hapo kikundi cha watu watano sita chaweza kufanya kazi ya maana, maana hawalipi gharama ya kukusanya. Kinyume chake, mtu akikodi gari kuzungukia magunzi kijiji kwa kijiji, faida yote hubaki kwa mwenye gari.

Mfano ulio wazi watoka Nairobi. Huko wako wakazi wa mitaa ya mabanda, wengi wao kina mama, wanaookota vumbi katika mabanda ya mkaa na kulifinyanga pamoja na udongo. Mtaalamu Mary Njenga na wenzake waliichunguza kazi hiyo wakachapisha habari zake mwaka 2013. Walipika githeri, nusu kilo ya mahindi na nusu kilo ya maharage, chakula cha watu watano. Kwa matonge ya vumbi na udongo, moto uligharimu shilingi 3 za Kenya. Kwa mkaa wa kawaida shilingi 26. Kwa mafuta ya taa shilingi 45. Bei zimekwisha kubadilika tangu hapo, lakini tazameni ule umbali ulio kati ya 3 na 26. Tena matonge yale yaliwaka muda wa saa 4, na mkaa wa kawaida saa mbili na nusu.

Lakini tuseme na udhaifu wake. Mkaa wa mabaki hukawia kushika moto. Uuwashe kwa vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini yake, na matonge uyapange yenye nafasi. Moto wake hauna ukali wa ghafula. Kwa chai ya asubuhi ya mtu mwenye haraka, haufai sana. Kwa maharage, makande, kwato na maji ya kuoga, ni rafiki mwema: uyapange mara moja, usiyachokoe, uende kwenye kazi zako.

8. Hatari isiyoonekana

Neno hili lisomwe kwa sauti katika kila nyumba. Mkaa wo wote, wa mti au wa magunzi, utoapo moto hutoa na hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haitoi machozi. Kwa kuwa mkaa hautoi moshi mwingi, watu hudhani ni salama, wakaingiza jiko katika chumba cha kulala usiku wa baridi na kufunga dirisha. Hewa ile huingia katika damu na kukalia nafasi ya hewa njema. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na usingizi mzito, naye asidhani ila amechoka. Asubuhi jirani hubisha hodi, hapana aitikaye.

Matonge haya yawakayo saa nyingi yana hatari hiyo zaidi, kwa maana usiku hayazimiki upesi. Basi, pikeni nje au penye madirisha mawili yaliyo wazi. Jiko lenye moto lisilale chumba kimoja na watu, hata kama ni mvua, hata kama mtoto asikia baridi. Mtoto na apewe blanketi. Mtu akikutwa katika hali hiyo, atolewe nje penye hewa mara moja, kisha apelekwe hospitali. Na tusisahau moshi wa kila siku: Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majikoni na nyumbani. Jiko jema lenye hewa ni sehemu ya somo hili, si jambo la baadaye.

9. Kwa wenye kuuza

Kazi hii imeharibiwa mara nyingi, si na moto, bali na udanganyifu. Muuzaji huona kwamba udongo ni mzito na haununuliwi, akazidisha udongo. Au huuza matonge mabichi kwa kuwa maji nayo yana uzito. Mnunuzi huenda nyumbani, sufuria haichemki, watoto walala na njaa. Hatarudi tena kwake, wala kwa mwingine auzaye kitu cha namna ile. Mdanganyifu mmoja huwafungia mlango waaminifu kumi.

Basi auzaye na auze kilichokauka, amwambie mnunuzi kimefanywa kwa nini, nacho chafaa kwa chakula gani. Na kabla ya kuuza, apikie nyumbani kwake muda wa mwezi mmoja. Mkewe akiulalamikia, soko litaulalamikia zaidi.

10. Kazi ya kufanya, na maswali

Walimu wawezao kulifundisha somo hili jioni na wafanye hivi. Kabla mtu hajanunua pipa, wasomaji waende pamoja mpaka kwenye chungu ya magunzi iliyo karibu, wajaze gunia moja, walipime, kisha wakisie chungu ile ina magunia mangapi. Waulize ni ya nani, na kama yuko mwenye kuihitaji kwa mifugo au kwa shamba. Wakirudi, wajibu maswali haya:

(1) Katika kilo 500 za magunzi makavu, tutapata kama kilo ngapi za mkaa? Zitatosha nyumba ngapi kwa mwezi?

(2) Ni mabaki gani ya kijiji chetu yasiyofaa kuchukuliwa, na kwa sababu gani?

(3) Twajuaje saa ya kuliziba pipa? Likizibwa mapema huwaje, na likichelewa huwaje?

(4) Kwa nini tonge lililo kavu kwa nje laweza kuwa bichi ndani, na tutalipimaje?

(5) Kwa nini jiko la mkaa lisilo na moshi laweza kuua kuliko jiko la kuni lenye moshi mwingi?

(6) Kijana asema, "Nitaongeza udongo kidogo tu, hakuna atakayejua." Mtamjibuje?

Kama hesabu ya swali la kwanza yaonyesha kwamba chungu ni ndogo, msione haya kuiacha kazi. Mmejifunza bila hasara. Lakini kama chungu ni kubwa, nayo yachomwa bure kila mwaka, chagueni watu watano wenye subira, mtafute pipa moja, mwanze na kilo 20. Siku itakayopikwa sufuria ya kwanza ya maharage kwa moto wa magunzi yenu wenyewe, pimeni yaliyobaki jikoni, mwandike katika daftari, kisha mfanye shauri kama mtaendelea.